Kitendawili au Upelelezi? Fani ya Kuchunguza AC Inayopuliza Moto

Katika gereji za Mtwara mjini, joto linapoanza kupanda mwezi wa Novemba, kuna mazungumzo mafupi yanayojirudia baina ya watu wasiofahamiana. Mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anasema: "Fundi, AC inapuliza moto." Fundi hata boneti hajainua, anajibu: "Gesi hiyo, bosi. Tujaze." Gari lenyewe ni Carina Ti ya miaka ya tisini, au Noah iliyokwisha kupita mikononi mwa familia tatu, au Rav4 iliyotoka Japani ikiwa tayari na umri wa miaka kumi na ushee. Gesi inajazwa, ubaridi unarudi, fedha inalipwa. Baada ya wiki chache mazungumzo yale yale yanaanza upya.

Nataka kuyasoma mazungumzo haya kama mhakiki anavyosoma hadithi, kwa kuwa yana kila kilichomo katika hadithi: tukio linalovuruga hali ya kawaida, wahusika, mandhari, mfululizo wa vitendo, na mwisho. Uchunguzi wa ubovu wa gari ni utanzu wa masimulizi. Una fani yake, na fani hiyo inaweza kujengwa vizuri au vibaya. Hoja yangu ni kwamba AC nyingi za magari ya zamani hubaki mbovu kwa kosa la fani kabla ya kosa la ufundi. Malalamiko yanapokewa kama kitendawili, ilhali yalihitaji kupokewa kama kisa cha upelelezi.

Jibu linalotangulia swali

Umbo la kitendawili linajulikana pwani nzima. Mmoja anatoa mwito, wenzake wanaitikia "Tega!", fumbo linatolewa, na jibu ni moja. Jibu hilo halitafutwi, kwa maana limehifadhiwa. Jamii inalijua tangu zamani, na aliyelikariri hulitoa papo hapo bila kuhitaji ushahidi wowote. Aliyeshindwa hutoa mji. Utanzu huu unapima kumbukumbu na wepesi wa akili, na raha yake iko katika kufika haraka.

"AC inapuliza moto" ikisikiwa kwa sikio la kitendawili, jibu lililohifadhiwa ni gesi. Jibu hili lina nguvu kwa sababu si la uongo: upungufu wa gesi ni miongoni mwa sababu kubwa za AC kutopoa, hasa katika gari lililovuka miaka ishirini. Lakini jibu linaloweza kuwa kweli bado halijathibitishwa kuwa kweli kwa gari hili, leo hii.

Kisa cha upelelezi kimejengwa kwa namna nyingine. Muhammed Said Abdulla alikifungulia mlango katika Kiswahili kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, alipomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Uhalifu unafungamana na mahali panapoogopwa kwa mizimu, kwa hiyo jibu la tayari lipo midomoni mwa watu hata kabla ya uchunguzi kuanza. Kazi ya mpelelezi ni kuliweka jibu hilo kando na kuuliza maswali madogo madogo ya mahali, ya wakati na ya nafasi. Watuhumiwa wanaanza wakiwa wengi, kila ushahidi unapunguza idadi yao, na jina linatajwa mwishoni, baada ya wengine kuwa wamekwisha kutoka.

Gereji nayo ina mzimu wake, nao ni gesi. Haionekani, haishikiki, kila mtu anaiamini, na ikishatajwa hakuna anayeuliza zaidi. Fundi anayestahili jina hilo hufanya kama Bwana Msa: haikatai gesi, ila anaitaka isimame kwenye mstari pamoja na watuhumiwa wengine.

Msuko wa duara

Uchunguzi hauna budi kufuata umbo la kitu kinachochunguzwa, na mfumo wa AC ni duara lililofungwa. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, inaisukuma gesi ikiwa na presha na joto kali hadi kondensa, ule wavu wa alumini uliosimama mbele ya rejeta. Hapo upepo unaipoza mpaka inageuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha kinafika kwenye ekspansheni valvu, tundu jembamba linalokiachia ghafla ndani ya evapureta iliyo nyuma ya dashibodi. Presha inashuka, kimiminika kinachemka, na katika kuchemka kinafyonza joto la hewa ya ndani ya gari. R134a, gesi ya magari mengi ya Japani kuanzia katikati ya miaka ya tisini, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa. Mvuke unarudi kwa kompresa na safari inaanza tena.

Duara hili lina nusu mbili. Kuanzia kompresa hadi kwenye valvu ni upande wa presha kubwa na joto. Kuanzia valvu kurudi hadi kompresa ni upande wa presha ndogo na baridi. Karibu kila swali la fundi mzuri ni swali kuhusu tofauti ya nusu hizi mbili, kwa sababu ubaridi wote unazaliwa na tofauti hiyo.

Hakuna kinachoungua humo ndani, na hapa wakazi wa Mtwara wana sababu ya pekee ya kupotoka. Gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay, mkoani mwao, mwaka 1982, ambayo leo husafishwa Madimba na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, huchomwa ili itoe nguvu, na ikishachomwa imekwenda. Mtungi wa jikoni ni vivyo hivyo. Ni rahisi kuamini kwamba gesi ya gari nayo hutumika ikaisha. Lakini gramu zilizowekwa kiwandani ndizo zinazozunguka miaka yote. Zikipungua, kuna mahali zimetokea.

Ukweli una pande zake. Mipira ya AC hupenyeza gesi kidogo kidogo, na sili ya shafti ya kompresa hulegea kwa umri, kwa hiyo gari la zamani linaweza kupoteza sehemu ya gesi yake kwa miaka kadhaa bila kuwa na tundu la kulionyesha kidole. Ndiyo maana tarehe ya mara ya mwisho kujaza ni ushahidi mkubwa. Gesi iliyodumu miaka minne na gesi iliyodumu wiki nne zinasimulia visa viwili tofauti, hata kama geji zinaonyesha namba zile zile. Kujaza ni mwisho halali wa kisa cha kwanza. Katika kisa cha pili ni kuruka katikati yote ya hadithi.

Mpangilio wa maswali

Uchunguzi uliojengwa vizuri una kanuni moja ya utunzi: kila hatua iondoe watuhumiwa wengi kwa gharama ndogo. Kwa hiyo unaanza kwa sikio, jicho na mkono, na kufungua nati huja baadaye.

Swali la kwanza ni la upepo, kabla ya ubaridi. Hewa inatoka kwa nguvu? Ikiwa hafifu hata blowa ikipandishwa namba ya mwisho, kisa kinahamia kwenye chujio la hewa ya ndani, vumbi lililoganda kwenye evapureta, au barafu iliyoiziba. Ikitoka kwa nguvu lakini ina joto, kundi hilo lote linatoka kwenye orodha, na hakuna shilingi iliyotumika.

Swali la pili ni la wakati. Joto ni la muda wote, au linakuja na kuondoka? Gari linalopoa likikimbia kuelekea Mikindani, kisha likapuliza moto likisimama Kilambo kusubiri kuvuka mto Ruvuma huku injini ikiunguruma, limekwisha kusema mengi. Likitembea, upepo wa barabara unaipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo inabaki kwa feni. Mtuhumiwa wa kwanza ni feni ya kondensa, rilei yake, au uchafu uliojaa kwenye wavu. Upungufu wa gesi nao unaweza kuleta hali kama hii, lakini feni inaonekana kwa macho, basi itangulie. Gari linalopoa kwa dakika kumi za kwanza kisha likaacha linaelekeza kwingine: klachi ya kompresa inayoachia ikipata moto, au unyevu uliomo ndani ya mfumo unaoganda kwenye ekspansheni valvu na kuziba njia.

Swali la tatu linaulizwa boneti ikiwa juu. Msaidizi anawasha AC, sikio linasubiri ule mlio mfupi wa klachi inaposhika, jicho linatazama uso wa puli. Puli huzunguka muda wote injini ikiwaka. Bamba lililo mbele yake huzunguka pale tu klachi ikishika. Bamba likibaki tuli, kompresa haifanyi kazi hata kama ni nzima, na watuhumiwa ni fyuzi, rilei, waya na swichi ya presha.

Hapa pana fundo la msuko linalotaka kusomwa taratibu. Katika Toyota nyingi za enzi hizo, swichi ya presha hukata umeme wa klachi presha ikishuka chini ya psi 28 hivi, ili kompresa isizunguke bila mafuta, maana mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Klachi isiyoshika yaweza kuwa ubovu wa umeme, na yaweza kuwa mfumo unaojilinda. Ishara ni moja, maana ni mbili. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili kompresa izunguke kwa lazima, akaiacha hivyo, amemnyamazisha shahidi aliyekuwa akisema kweli, na bei ya kosa hilo ni kompresa nzima.

Swali la nne ni la mkono, ukiwekwa mbali na mkanda na feni. AC ikifanya kazi kwa dakika chache, bomba jembamba litokalo kwenye kondensa huwa na joto, na bomba nene linalorudi kwa kompresa huwa baridi na kutoa jasho. Yote mawili yakiwa vuguvugu, nusu mbili za duara hazitofautiani. Sasa geji zina sababu ya kuunganishwa.

Geji nazo zisomwe kwa uangalifu. Gari likiwa limezimwa kwenye nyuzi 30, mfumo wenye R134a huonyesha karibu psi 95 hadi 100 pande zote mbili, mradi humo ndani kimebaki kimiminika kidogo. Namba hiyo ni ile ile kwa mfumo uliojaa na kwa mfumo ambao sehemu kubwa ya gesi yake imekwisha kuvuja. Ushahidi unaofanana kwa watuhumiwa wawili haumtii hatiani hata mmoja. Inabidi injini iwake. Upande mdogo ukiwa kati ya psi 25 na 40, na mkubwa kati ya 150 na 250, mfumo unafanya kazi yake. Pande zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Pande zote zikiwa juu, kondensa haipozwi, au gesi imezidi, au hewa imeingia. Mdogo ukiwa juu na mkubwa chini, kompresa imechoka. Mdogo ukizama chini ya sifuri, kuna mahali pameziba. Namba moja peke yake haina maana. Maana iko katika jozi.

Na gesi ikithibitika kuwa pungufu, kisa hakijaisha. Swali linageuka kuwa "imepitia wapi?" Mafuta yanayosafiri na gesi huacha doa pale inapotokea, na vumbi hung'ang'ania doa hilo: kwenye maungio, kwenye sili ya kompresa, kwenye vali ndogo za kujazia. Povu la sabuni linathibitisha. Palipovuja pakirekebishwa, pampu inanyonya hewa yote kwa nusu saa au zaidi. Ombwe likiwa la kutosha, maji yaliyofichika huchemka hata kwenye joto la kawaida la Mtwara na kutoka yakiwa mvuke. Ombwe lisiposhika baada ya pampu kuzimwa, tundu bado lipo. Baada ya hayo yote, gesi inapimwa kwa mizani na kuingizwa.

Mtuhumiwa asiyetazamiwa

Kisa kizuri cha upelelezi kina mtu ambaye msomaji amepishana naye mara nyingi bila kumshuku. Katika gari la Mtwara, mtu huyo ni hita.

Magari haya yaliundwa kwa ajili ya nchi yenye theluji. Nyuma ya dashibodi, jirani kabisa na evapureta, kuna rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini, na kilango kinachoamua hewa ipite upande upi. Katika mji ambao nyuzi 30 za mchana ni jambo la kawaida, hakuna anayewasha hita. Swichi yake haiguswi mwaka hadi mwaka. Kebo inashika kutu, kilango kinakwama katikati, valvu ya maji haifungi sawasawa. Evapureta inatoa baridi, hita inaipasha hewa ile ile hatua inayofuata, na dereva anapokea joto usoni. Gesi imejaa, kompresa ni nzima, kila geji inasema kweli.

Dalili zake ni mgongano: bomba nene lina baridi na jasho, maji yanadondoka chini ya gari upande wa abiria, lakini matundu ya dashibodi yanapuliza moto. Jaribio ni jepesi. Injini ikiwa imepoa, mpira wa maji yanayokwenda kwenye hita unabanwa kwa muda, kisha gari linawashwa. Hewa ikirudi kuwa baridi, mkosaji amepatikana, na matengenezo yaweza kuwa ya kebo tu.

Nakitazama kipengele hiki kuwa kipimo cha fani nzima. Kitendawili hakiwezi kamwe kufika kwenye hita, kwa sababu hita haimo katika hazina ya majibu ya watu wasioihitaji. Ni upelelezi pekee unaofika huko, kwa kuwa unafuata mgongano wa ushahidi, na mgongano hauna mazoea. Gari lililojazwa gesi mara mbili kwa ubovu wa hita limepata gesi kupita kiasi, na gesi iliyozidi hupandisha presha na kupunguza ubaridi. Jibu baya likirudiwa linazaa ubovu mpya.

Mandhari yanapokuwa mhusika

Wanafunzi wetu hufundishwa kuyataja mandhari kama mahali pa tukio. Katika kisa hiki mandhari hutenda. Pwani ya kuanzia Mikindani hadi mlango wa Ruvuma, penye mikoko, mashamba ya chumvi na ghuba za Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Mlango wa Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ni pwani ya chumvi hewani. Kondensa husimama mbele ya gari na kuupokea upepo huo kabla ya kitu kingine chochote. Mapezi yake ya alumini hukatika kama majivu, na maungio ya mabomba huota ukungu mweupe unaotangulia tundu. Anayeshusha gari hadi mchangani Msimbati anaongeza mchanga wenye maji ya chumvi kwenye wavu huo huo. Kuuosha kwa maji baridi yasiyo na presha kali ni tendo dogo linalokata kisa kirefu.

Bara kidogo, mandhari yanabadilika. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ya Tandahimba na Newala, unga wa njano hutua kila mahali. Malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini kutoka mkoa wa Ruvuma yanaacha vumbi lake jeusi. Fundi anayetazama rangi ya vumbi kwenye kondensa anasoma gari limetoka wapi, na anajua aanzie wapi.

Kisha kuna unyevu. Wakati wa kaskazi hewa ya Mtwara hubeba mvuke mwingi, na kugeuza kilo moja ya mvuke kuwa maji kunadai kuondoa kilojuli 2,400 na zaidi za joto. Sehemu kubwa ya nguvu za AC huishia hapo, ndiyo maana gari zima hapa haliwezi kupuliza baridi kama lingepuliza Dodoma. Lakini unyevu huo huo ni shahidi mwaminifu. Gari ambalo AC imewaka robo saa katika hewa ya namna hii na halijadondosha tone, ama evapureta yake haina baridi, ama mrija wa kutolea maji umeziba na zulia la abiria litakuwa limelowa. Fundi wa pwani ana ushahidi ambao fundi wa nchi kavu hanao, na ni aibu ya fani kuupita bila kuutazama.

Jedwali na kibandiko

Uchunguzi huu una matini mbili zilizoandikwa, na kila moja ina umbo linalofaa kuhakikiwa.

Ya kwanza ni jedwali la ubovu katika vitabu vya ufundi. Vitabu vya Toyota huweka dalili upande mmoja, na upande wa pili huorodhesha sababu kwa kufuata uwezekano wake. Ni umbo la haki, kwa sababu halimsahau mtuhumiwa yeyote: hita imo, kilango kimo, swichi imo. Upungufu wake ni kwamba halina wakati. Sababu zote zinasimama pamoja, kana kwamba gari halina jana. Jedwali halijui kwamba kondensa ilibadilishwa mwaka jana baada ya ajali, wala kwamba AC ilianza kusumbua siku iliyofuata gari kuoshwa injini. Mambo hayo anayajua mwenye gari. Katika riwaya za Abdulla, Najum, mwandani wa Bwana Msa, hana akili ya mwenzake, lakini yupo mahali pa tukio na anaona. Mwenye gari ni Najum wa kisa hiki. Akiulizwa vizuri, hujaza kile ambacho jedwali haliwezi kukijua. Akikatizwa na jibu la gesi, ushahidi wake unakwenda naye nyumbani.

Matini ya pili ni kibandiko kidogo chini ya boneti. Mara nyingi kimeandikwa Kijapani, lakini mambo mawili yanasomeka na kila mtu: jina la gesi, HFC134a au R134a, na kiasi kwa gramu, ambacho kwa gari dogo huwa karibu nusu kilo na huzidi kwa gari lenye AC ya nyuma kama Noah. Ni matini isiyo na kitenzi hata kimoja, na bado ni amri iliyo wazi kuliko zote. Inasema kiasi ni cha kupimwa. Kukisia kwa kushika bomba au kwa kutazama sindano ya geji moja ni kuisoma amri hiyo kama pendekezo.

Kibandiko nacho chaweza kupitwa na wakati. Gari la kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994 lilitoka kiwandani na R12, gesi iliyodhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania iliridhia mwaka 1993, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Magari kama hayo yaliyobaki barabarani yamebadilishiwa gesi, na R134a inataka mafuta mengine ya kompresa pamoja na kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa. Kibandiko cha zamani kikiachwa peke yake kinakuwa shahidi wa gari lisilokuwepo tena. Kwa hiyo fundi anayebandika kando yake kipande cha karatasi chenye aina ya gesi, gramu, aina ya mafuta na tarehe, anamwandikia sura ya kwanza fundi atakayefuata. Katika mji ambao gari hubadilisha wenyewe mara kwa mara, sura hiyo ni mali.

Sentensi isiyo na mahali

Narudi kwenye lugha, kwa kuwa ndipo fani mbaya inapojificha. "Gesi imeisha" ni sentensi iliyokamilika kwa sarufi, na kukamilika huko ndiko kunakoidhuru. Haina mahali. Haina aliyetenda. Haiachi nafasi ya swali. Ilinganishe na "gesi inavuja": hapo tu msikilizaji anauliza wapi, na uchunguzi unaanza wenyewe. Mhakiki akitaka kujua gereji ni ya namna gani, asikilize kama hukumu zake zina mahali ndani yake.

Vivyo hivyo na masharti. Fundi mpelelezi huzungumza kwa "ukikanyaga mafuta inapoa?", "ilipoanza, ilianza ghafla au taratibu?", "ikiwa jua la mchana na ikiwa usiku, ni sawa?" Kila kauli inafungua njia mbili na kuahidi kwamba moja itafungwa. Mwenye gari naye anaweza kujifunza lugha hii. "Inapuliza moto" ni malalamiko. "Inapoa nikikimbia, inaacha nikisimama, tangu juma lililopita" ni ushahidi, na umekwisha kumwokolea fundi saa nzima.

Makosa ya lugha ya "gesi imeisha" hayaishii mfukoni mwa mwenye gari. R134a hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule katika miaka mia. Nusu kilo iliyovujishwa ni sawa na zaidi ya kilo 700 za hewa ukaa. Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, ya mwaka 2016, yaliyopitishwa kwa jirani zetu, yanalenga kupunguza gesi za jamii hii. Nao wanaokwepa gharama kwa kujaza gesi ya kupikia wanaweka kitu kinachowaka ndani ya mabomba yanayopita mbele ya gari na nyuma ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria. Hilo halina utetezi wowote.

Hukumu

Haitoshi kusema fani ya upelelezi ni bora; lazima kueleza kwa nini inashindwa. Kitendawili kina mwisho mtamu: gesi ikiingia, baridi inatoka saa hiyo hiyo, na mteja anaondoka ameridhika. Upelelezi unamkalisha mteja kwenye benchi, na huenda ukaishia kwenye rilei ndogo au kebo iliyolainishwa kwa mafuta. Mteja anatazama matokeo madogo na kukataa kulipa, kwa sababu amezoea kulipia kitu kilichoingizwa garini. Kwa namna hiyo soko linamfundisha fundi mwerevu kuwa mtega vitendawili.

Vipimo vya kazi iliyokamilika ni vitatu. Hukumu itaje mahali. Kila hatua iwe imemwondoa mtuhumiwa fulani, na fundi aweze kusema ni nani. Na jaribio la mwisho lifanywe katika hali ile ile iliyozaa malalamiko: kama gari lilipuliza moto likiwa limesimama juani, lijaribiwe limesimama juani, kipimajoto kikiwa kwenye tundu la kati na hewa ikizungushwa ndani. Kwa unyevu wa Mtwara, nyuzi kati ya 8 na 14 hivi ni majibu ya kuridhisha. Jaribio lililofanywa kivulini asubuhi ni mwisho wa hadithi nyingine.

Kinachobaki ni mkono wa mwenye gari. Risiti ya gereji iwe na mstari wa uchunguzi, wenye bei yake, unaolipwa hata kama spea haikununuliwa na gesi haikuguswa. Mstari huo ndio utakaomwezesha fundi kuuliza swali la pili badala ya kukimbilia jibu la kwanza, na mteja anayeukubali atatumia fedha kidogo kwa mwaka mzima kuliko anayejaza gesi kila joto linapopanda.